Tuwaambie wasichana yote, au tuwaonyeshe medali tu?

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana ya bweni, huku nyanda za juu kusini. Mkuu wa shule amenikabidhi maandalizi ya tarehe 11 Februari, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi. Nimepewa shilingi 80,000. Ukumbi ni bwalo la chakula, wanafunzi ni 340, na mgeni rasmi atakaa nasi saa moja na nusu. Hayo nayamudu. Kinachoninyima usingizi ni kingine.*

*Mkuu wa idara yetu ya sayansi ni mwalimu wa kemia anayekaribia kustaafu. Ndiye aliyenisimamia nilipokuja hapa kwa mazoezi ya kufundisha, na namheshimu kama baba mzazi. Nilimpelekea mpango wangu: mabango makubwa matatu, la Rosalind Franklin, la Lise Meitner na la Jocelyn Bell, wanasayansi wanawake walionyimwa haki yao. Akausoma wote, kisha akaniambia, "Mwanangu, unawatisha watoto. Weka Marie Curie, weka washindi wa Nobeli, weka medali. Msichana akisikia kwamba hata ukigundua kitu unanyang'anywa, kesho anaacha fizikia." Akaongeza kwamba kisa cha Franklin kimekuzwa mno na kinawapaka wanaume wote tope.*

*Kwangu mimi, kuficha ni kudanganya. Franklin alipiga picha ya DNA, wenzake wakaichukua bila yeye kujua, wakachapisha, na mwaka 1962 wakapewa Nobeli naye akaachwa kwa sababu ni mwanamke. Hakujua hata uzito wa kitu alichokuwa nacho mkononi. Tunyamaze?*

*Halafu kuna mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, mkali wa hesabu na fizikia, niliyemteua asome maelezo ya Franklin siku hiyo. Ada yake analipa mjomba wake, na mjomba anataka aache fizikia na kemia aende masomo ya biashara. Alipomaliza kusoma karatasi niliyompa, aliniuliza, "Mwalimu, kama yule wa London alifanyiwa vile, mimi wa huku nitaponea wapi?" Sijamjibu mpaka leo. Mkuu wa shule anataka mimi na Mzee tuje na mpango mmoja kabla ya Januari kwisha. Nikikubali ya Mzee, naona nimewasaliti wasichana. Nikikataa, namvunjia heshima mtu aliyenilea kikazi, na pengine ana haki kuhusu yule mtoto. Nishauri.*

*Mwalimu, Nyanda za Juu*

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, kwa sababu nadhani mambo matatu yamefungwa humo katika furushi moja. Lipo la kuamua bwaloni pasimuliwe nini. Lipo la namna ya kupingana na mtu unayemwamkia shikamoo. Na lipo swali la yule binti, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Ukiyafungua moja moja, huenda ukaona wewe na Mzee hamjaachana mbali sana.

Nianze na Franklin, maana yeye ndiye mnayemgombania.

Mwaka 1951 alifika King's College, London, akitoka Paris, ambako alikuwa bingwa wa kutumia eksirei kuchunguza muundo wa makaa. Ujuzi huo ndio aliouhamishia kwenye DNA. Aligundua kwamba nyuzi za DNA zina sura mbili kulingana na unyevunyevu: zikiwa kavu kiasi zinatoa sura moja, aliyoiita A, na zikilowa zaidi zinarefuka na kutoa nyingine, B. Waliomtangulia walikuwa wakipiga picha za sura hizo mbili zikiwa zimechanganyika, ndiyo maana hazikusomeka. Yeye alidhibiti unyevunyevu ndani ya kamera kwa kupitisha gesi ya hidrojeni kwenye maji ya chumvi kabla haijaufikia uzi. Picha maarufu, ya namba 51, ilipigwa Mei 1952 na mwanafunzi wake Raymond Gosling chini ya usimamizi wake, kwa kuuanika uzi mmoja mwembamba kwenye eksirei kwa saa 60 na ushee. Sasa angalia bango lako kwa jicho la msichana wa miaka 16. Hayo ya unyevunyevu yamo? Au limeandikwa tu kwamba alipiga picha, kisha ikachukuliwa?

Ni kweli Januari 1953 Maurice Wilkins, mwenzake wa King's College, alimwonyesha James Watson wa Cambridge picha hiyo, na Franklin hakuambiwa. Ni kweli pia kwamba ripoti yenye vipimo vyake iliwafikia Watson na mwenzake Francis Crick kule Cambridge, wakaitumia kujengea modeli yao ya DNA. Lakini Franklin alikuwa anahamia chuo cha Birkbeck wakati huo, na Gosling alikuwa amerudi chini ya Wilkins, kwa hiyo picha haikuibwa kwenye droo kama inavyosimuliwa. Kosa lipo, nalo ni kwamba kazi yake ilitumiwa bila kuulizwa, na mchango wake ukatajwa kwa maneno machache mno.

Pale ulipoandika kwamba hakujua uzito wa kitu alichokuwa nacho, hapo nakuomba usimame kidogo. Daftari lake la tarehe 24 Februari 1953 linaonyesha alikuwa amekwisha kufikia hitimisho kwamba sura zote mbili za DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Jarida la Nature la tarehe 25 Aprili 1953 lilichapisha makala tatu kwa mfuatano, na ya tatu ni ya Franklin na Gosling. Mwaka 2023 wanahistoria Matthew Cobb na Nathaniel Comfort walitoa hoja katika jarida hilohilo kwamba alikuwa mshirika sawa katika watu wanne waliofumbua muundo wa DNA: yeye, Wilkins, Watson na Crick. Sasa, anayesimulia kwamba alikuwa na hazina asiyoijua anadhani anamtetea, kumbe anampunguzia akili yake.

Kuhusu Nobeli, Franklin alifariki tarehe 16 Aprili 1958 kwa saratani ya ovari, akiwa na miaka 37. Mwaka 1962 hakuweza kupewa, kwa kuwa wakati huo tuzo hiyo haikutolewa kwa mtu aliyekufa kabla ya kupendekezwa. Kama angekuwa hai angepewa? Hakuna anayeweza kuapa. Mgeni rasmi akiwa daktari au mhadhiri anaweza kukusahihisha mbele ya wanafunzi 340, na kosa hilo moja likaangusha hata yale ya kweli uliyoyasema. Na baada ya 1953 mama huyu hakukaa kulia. Alikwenda kuchunguza virusi vya ugonjwa wa mosaiki wa tumbaku, kisha virusi vya polio, na mwenzake Aaron Klug, aliyeiendeleza njia hiyo, akapata Nobeli ya Kemia mwaka 1982. Miaka hiyo mitano ya mwisho imo kwenye bango?

Kwa hiyo Mzee aliposema kisa kimekuzwa, ana hoja ndani yake, hata kama aliisema kwa namna iliyokuuma.

Lakini na yeye mpango wake una tundu. Achukue ukuta aubandike wanawake wote waliopata Nobeli ya Fizikia tangu 1901 mpaka tuzo za 2025. Atahitaji picha tano: Marie Curie 1903, Maria Goeppert Mayer 1963, Donna Strickland 2018, Andrea Ghez 2020, Anne L'Huillier 2023. Msichana anayejua kutoa ataona miaka 60 kati ya wa kwanza na wa pili, na 55 kati ya wa pili na wa tatu, kisha atauliza wengine walikuwa wapi. Ukuta wa medali unalileta swali lilelile mnalotaka kulikwepa, na mtakuwa hamjajiandaa kulijibu.

Tena medali ya kwanza kabisa ina kisa chake. Pendekezo lililotoka Ufaransa mwaka 1903 liliwataja Pierre Curie na Henri Becquerel peke yao. Mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimtonya Pierre, naye Pierre akaandika kwamba kama anafikiriwa, angependa afikiriwe pamoja na mkewe. Ndipo Marie akaingizwa. Mpelekee Mzee habari hii kabla ya nyingine yoyote. Ina dhuluma iliyokaribia kutendeka, ina wanaume wawili walioizuia, na ina medali anayoitaka. Nadhani atatulia kukusikiliza.

Sasa tuje kwenye njia ulizonazo. Ya kwanza ni mabango yako matatu, yakisahihishwa. Faida yake ni uwazi, na wasichana wanastahili kuaminiwa na ukweli. Hatari yake ni kwamba mtoto anaondoka akikumbuka jina la aliyechukua kuliko kazi ya aliyegundua. Jipime mwenyewe: unaweza kueleza kwa dakika mbili Meitner alikokotoa nini mwishoni mwa 1938 alipokaa na mpwa wake Otto Frisch? Walieleza kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka vipande viwili, wakapiga hesabu ya nishati inayotoka. Kama bango linasema tu kwamba Otto Hahn, mkemia mwenzake Meitner katika utafiti, alipewa Nobeli peke yake, hilo ni bango la Hahn. Njia ya pili ni ya Mzee, na nimekwisha kukuonyesha tundu lake. Faida yake ni furaha, nayo usiidharau: sherehe isiyo na furaha watoto wanaihesabu kuwa mkutano wa paredi.

Ya tatu hukuitaja, nami naiweka mezani uipime pamoja na hizo. Ni kuwafanyisha wasichana kazi zenyewe, meza kwa meza, na kisa cha kila mwanamke, pamoja na dhuluma yake kama ipo, kikasimuliwa na msichana aliyeishika kazi hiyo kwa mikono yake.

Meza ya Franklin ni rahisi kuliko unavyodhani. Toa springi ndogo ndani ya kalamu ya kubofya. Nunua tochi ya leza nyekundu, zile ndogo za ufunguoni, isiyozidi miliwati 1. Za kijani za bei ya chini ziache, nyingi zina nguvu kuliko lebo inavyosema na zinaweza kuumiza jicho. Bana tochi kwa kibanio cha nguo juu ya vitabu, kibanio kikae juu ya kitufe ili kisiachie. Simamisha springi wima mbele yake, sentimita 10 hivi, mwanga uipige katikati, na ukuta mweupe uwe mita 4 hadi 8 upande wa pili. Giza likiwepo, ukutani itatokea alama ya X yenye madoadoa, ndugu wa X iliyoko kwenye picha namba 51. Mkono mmoja wa X unatokana na waya zilizoinama upande wa mbele wa springi, wa pili na zile za nyuma. Ivute springi kidogo: waya zinainama zaidi, na X inapanuka. Madoa nayo yanasogeleana, maana nafasi kati ya mizunguko imeongezeka. Kwa waya zenye nafasi ya milimita 1 na ukuta ulio mita 4, madoa yanaachana kama milimita 2.6, kwa hiyo msichana mwenye rula anaweza kwenda kinyumenyume na kupata nafasi ya springi bila kuigusa. Franklin alifanya hesabu ya aina hiyohiyo, naye alipata nanomita 3.4 kwa kila mzunguko wa DNA.

Kinachoharibika mara nyingi: mwanga ukipiga ukingoni mwa springi, X haitokei vizuri. Springi ikivutwa mno, mwanga unapita kwenye pengo na unaona doa moja tu. Springi ikishikwa kwa mkono inatikisika, picha inavurugika; ichomeke kwenye kipande cha plastisini au mshumaa. Watazamaji wote wasimame nyuma ya tochi, na pasiwe na kioo wala sufuria inayong'aa mbele yake. Bwalo lina madirisha mengi, hivyo meza hii itafaa zaidi stoo au darasani, watoto 20 kwa zamu. Kwa wanafunzi 340 ni zamu 17. Mkitumia dakika 5 kwa zamu ni dakika 85 kwa meza moja, yaani muda wote wa mgeni umekwisha. Andaeni meza tatu za leza, au anzeni asubuhi kabla hajafika. Hili ndilo linaloziua shughuli za namna hii: watu wanapanga jaribio zuri, wanasahau foleni.

Mzee mpe meza ya Tu Youyou, kama mwalimu wa kemia. Sisi tunaotibiwa malaria kwa dawa mseto tuna deni kwa mama huyu wa China. Tangu 1969 timu yake ilipekua mitishamba ya kale, na mmea wa qinghao ulikuwa ukifanya kazi leo, kesho haufanyi. Akakuta katika maandiko ya tabibu Ge Hong, ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kwamba unalowekwa katika maji na kukamuliwa, hauchemshwi. Akashuku kwamba joto linaharibu dawa, akabadili akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Mwaka 1971 ikafanikiwa, na mwaka 2015 akapata Nobeli. Etha msiilete bwaloni, inashika moto kwa cheche ndogo. Mzee aonyeshe wazo lenyewe kwa kiazi mviringo: vipande vya sentimita 1, nusu vibichi, nusu vimechemshwa dakika 10 na kupoa, kila kundi kwenye glasi yenye mililita 20 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Kibichi kitatoa povu jingi, kilichochemshwa kitakaa kimya. Awaeleze kwamba kwenye kiazi, kilichoharibika ni kimeng'enya, si artemisinini, yaani ile dawa ya Tu Youyou. Kinachofanana ni joto kuua kitu chenye kazi. Na awaonye wasijitengenezee chai ya majani ya qinghao kutibu malaria.

Njia hii nayo ina hatari zake. Mgeni rasmi anaweza kupenda hotuba kuliko majaribio. Leza inaweza kuisha betri. Wasichana wanane wanaweza kushika kazi yote na 332 wakawa watazamaji. Na ikiwa meza zitakuwa na shamrashamra nyingi, kisa cha dhuluma kinaweza kumezwa, ukawa umerudi kwenye njia ya Mzee kwa mlango wa nyuma. Hilo wewe ndiye wa kulipima, maana unawajua watoto wako.

Nimefika kwa yule binti. Uliandika kwamba aliuliza kuhusu London, na kwenye sentensi iliyotangulia ukamtaja mjomba. Najiuliza kama swali lake lilikuwa la London kweli. Mtoto anayetegemea ada ya mtu hawezi kusema waziwazi "naogopa nitasoma kwa nguvu zote halafu mtu mwingine aamue", kwa hiyo analisema kupitia Franklin. Huenda nimekosea. Mwite faraghani, si mbele ya wenzake, na umuulize anaogopa kitu gani hasa, kisha unyamaze umsikilize.

Kama ni mjomba, kuna jambo la kumweleza mjomba kwa heshima, ikiwezekana ukiwa na mkuu wa shule: binti akiacha fizikia sasa, tahasusi zenye fizikia za Kidato cha Tano na cha Sita, yaani PCM, PCB na PGM, zinafungwa zote kwa pamoja, hata ile ya udaktari. Akiendelea nayo, milango ya biashara bado iko wazi. Mjomba anaweza kukataa bado. Ndiye anayelipa, na ukimsukuma sana atakayebanwa ni binti, kwa hiyo nenda polepole na usimwahidi mtoto kitu kisichokuwa mkononi mwako.

Kama kweli ni hofu ya kunyang'anywa, usimwambie kwamba siku hizi hayatokei. Mweleze ya Jocelyn Bell. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, akikagua kwa macho karatasi za mashine iliyonasa mawimbi ya redio kutoka angani, kama mita 30 kwa siku, akaona mkwaruzo mdogo usioeleweka, akaukomalia mpaka ukawa mapigo yanayorudi kila sekunde 1.3. Nobeli ya 1974 ilimwendea msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, akaitoa yote igharamie masomo ya wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yasiyo na wawakilishi wengi. Alikubali msimamizi apewe, na amesema hivyo hadharani. Binti anaweza kukubaliana naye au kumpinga, na mjadala huo mwachie aufanye mwenyewe.

Na mpe daftari la kushonwa, lisilochomoka kurasa. Aandike kwa kalamu ya wino, tarehe juu ya kila ukurasa, vipimo kama vilivyotoka hata vikiwa vibaya, kosa likatwe mstari mmoja lisomeke, na mwalimu aweke saini kila wiki. Tunajua Franklin alikuwa amefika wapi tarehe 24 Februari 1953 kwa sababu aliandika hivyo. Daftari halizuii mtu kukudhulumu. Linabaki kuwa ushahidi wa nani alifanya nini na lini, na kwa shilingi 80,000 unaweza kununulia klabu nzima ya sayansi madaftari hayo, ukabakiwa na za tochi na betri.

Kwa Mzee, nadhani usiende na mpango mwingine wa maandishi. Nenda na springi na tochi baada ya vipindi, mfunge mapazia ofisini kwake, umwachie yeye aivute springi. Ukimaliza mwambie ni sehemu zipi za hoja yake umezikubali na ni ipi bado huwezi kuiacha, kisha umuulize angependa wasichana waambiwe nini kuhusu ile miaka 60. Anaweza kuwa na jibu ambalo wewe na mimi hatujalifikiria.